Mtungi Tumepewa, Gesi Je?



Jirani yangu hapa Kwa Mrombo anauza mboga soko la Kilombero. Alipata mtungi wa gesi wa kilo 6 kwenye mgao wa bure. Juzi nimeingia kwake, nikaukuta umefunikwa kitambaa, juu yake kuna redio. Pembeni jiko la mkaa linawaka. Nikamuuliza, dada, kulikoni? Akacheka: "Mdogo wangu, mtungi nilipewa. Gesi sikupewa."

Tupige hesabu. Kila siku ananunua mkaa wa buku mbili. Siku 12 ni shilingi 24,000, karibu sawa na bei ya kujaza mtungi huo hapa mtaani. Kwangu tuko watatu kama kwake, na nikijaza napika wiki tatu. Yaani mwenye kipato kidogo analipa zaidi yangu kwa ugali ule ule! Faida ya gesi anaijua vizuri tu. Elfu 24 kwa mkupuo ndiyo hana. Buku mbili ya jioni anayo.

Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lengo zuri, hatulipingi. Ila kugawa mitungi ni picha ya siku moja, kujaza ni gharama ya kila mwezi.

Na tusichanganywe. Gesi ya mitungi inaletwa na meli kutoka nje. Gesi asilia yetu, iliyogunduliwa Songo Songo 1974 na Mnazi Bay 1982, inasafiri kwa bomba hadi Dar kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Nyumba zilizounganishwa ni chache, huko Dar, Lindi na Mtwara. Sisi wa chini ya Mlima Meru tunaisikia redioni.

Tunadai mambo matatu. Ruzuku iende kwenye kujaza, siyo kwenye mtungi tu. Gesi iuzwe kidogo kidogo kama umeme wa LUKU. Mita za kulipia kwa simu zipo na Dar zimeshatumika. Tatu, tuambiwe wazi gesi yetu itafika lini Kaskazini, na kwa njia gani.

Kwa hiyo kiongozi akija mtaani kwako na mitungi, pokea, shukuru, kisha muulize mbele ya watu: hii ikiisha, mheshimiwa, nani anajaza?