Mwanzi Mkubwa na Haraka ya Wakubwa

Kila anayehubiri kilimo cha mwanzi siku hizi huanza na kasi yake. Dendrocalamus giganteus, mwanzi wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, huweza kurefuka zaidi ya sentimita 30 kwa siku moja ya msimu wa mvua, na hufikia kimo cha mita 30 hivi. Hayo ni kweli. Ninachokipinga ni kumtajia mkulima tarakimu hizo ili auze ng'ombe anunue miche.

Mwanzi ni jamii ya nyasi. Haunenepi mwaka hadi mwaka kama mti: chipukizi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote, humaliza kurefuka kwa miezi michache, basi. Nguvu hiyo hutoka katika mashina yaliyojificha chini ya udongo na katika mianzi iliyolitangulia. Mche mchanga hauna akiba hiyo. Mwaka wa kwanza hutoa vijiti vyembamba, wa pili vinene kidogo, na kichaka huhitaji miaka mitano au zaidi kabla ya kutoa ile mianzi inayopigwa picha katika vipeperushi. Nayo ikishatoka ni laini; sharti ingojewe kama miaka mitatu ikomae ndipo ifae kujengea. Mradi wa miaka mitatu, kwa hiyo, hufungwa na ripoti yake kusifiwa kabla mwanzi mmoja wa maana haujakatwa. Katika kipindi hicho familia ya mkulima inakula nini?

Lipo zito zaidi. Aina nyingi za mianzi huchanua mara moja baada ya miongo kadhaa, zote kwa pamoja, kisha hufa. Kule Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India, Melocanna baccifera huchanua kila baada ya miaka 48 hivi. Ulipochanua mwishoni mwa miaka ya 1950, panya walizaana kwa kula mbegu zake, na mbegu zilipokwisha wakavamia mashamba. Wazee walikuwa wameonya. Serikali ya Assam, iliyotawala eneo hilo, haikujiandaa. Njaa ikaja. Chama kilichoundwa kuwasaidia wenye njaa kikageuka Mizo National Front chini ya Laldenga, na mwaka 1966 ukazuka uasi uliokoma kwa mkataba wa 1986. (Madai ya Wamizo yalikuwa na sababu nyingine pia, lakini njaa ndiyo iliyoyapa jeshi.)

Sisemi mwanzi usipandwe. Wagema ulanzi wa Iringa wanaujua mwanzi wao na majira yake kuliko mshauri yeyote wa mradi, na sijaona wakiitwa kwenye warsha. Miche iliyozalishwa kwa vipandikizi vya kichaka kimoja ina umri wa mama yake, na huenda ikachanua na kufa pamoja naye. Ewe afisa unayetia saini mkataba, uliza miche hiyo imetoka katika vichaka vingapi, vya umri gani, na nani atakayenunua mianzi katika mwaka wa nane.