Somo la kuchora: vinyago viko Ulaya, picha zake ziingie katika simu ya mwalimu

Mwezi wa pili 2022, serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ile ya Congo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyotoka nchini na ambavyo vinatunzwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels: vinyago, sanamu, viti, ngoma, vyungu, visu. Magazeti yaliandika, viongozi walipigwa picha, na miezi minne baadaye Mfalme Philippe alifika Kinshasa na kinyago kimoja kikubwa cha Wasuku. Tangu siku hizo mjadala umebaki pale pale: vitu vitarudi lini, na vitawekwa wapi. Ni mjadala wa haki. Lakini kuna swali lingine lisilosikika, nalo linamgusa mtoto wa darasa la tano kule Mwenga, Shabunda, Kongolo ao Goma. Kama vitu vyenyewe bado havijarudi, kwa nini hata picha zake hazijaingia katika somo lake la kuchora?

Somo hilo liko kwenye ratiba ya shule ya msingi, hakuna anayelikana. Ni namna linavyofundishwa ndiyo shida. Siku ya Ijumaa, saa ya mwisho, mwalimu anachora kwenye tablo nyumba yenye mlango mmoja na madirisha mawili, watoto wanaiga katika kaye, kengele inalia. Mara nyingi hata saa hiyo inaliwa na hesabu ao Kifaransa, kwani katika mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi hakuna mtoto anayeombwa kuchora. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, watoto wamejaa kwenye mabenchi, na mwalimu ana chaki nyeupe, basi. Lakini mwalimu huyo huyo, walau mijini na katika vituo vikubwa vya tarafa, mara nyingi ana simu mfukoni.

Hapa ndipo teknolojia inapaswa kuanzia, wala si mahali pengine. Neno hilo likitajwa, viongozi huwaza chumba cha kompyuta kilichotolewa na mfadhili, utepe ukikatwa mbele ya kamera. Wakaaji wa mashariki wanakijua chumba cha namna hiyo: mwaka wa kwanza kinafunguliwa kwa wageni, mwaka wa pili umeme haupo, mwaka wa tatu funguo ziko kwa direkta na vumbi liko kwa kompyuta. Somo la kuchora halihitaji chumba kile.

Kazi ya kwanza ya simu haiombi hata intaneti. Ni tochi yake. Mwalimu aweke chungu cha kawaida juu ya meza, afunge dirisha moja, amulike kutoka upande wa kushoto. Mara moja chungu kinapata upande wa mwangaza na upande wa giza, na kivuli kinalala juu ya meza. Ainue simu: kivuli kinafupika. Aishushe: kinarefuka. Mtoto ambaye miaka yote amechora chungu kama mstari mmoja wa kuzunguka anaona kwa macho yake kwamba kinachokifanya kionekane kinene na kizito ni ule mpito wa kutoka mwangaza hadi giza. Kisha mwalimu apige picha ya kile chungu na kuiondolea rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo ngazi za giza zinahesabika: hapa peupe kabisa, hapa kijivu, hapa peusi. Kwa krayo moja tu, bila rangi hata moja ya kununua, mtoto ana kazi ya saa nzima.

Kamera za simu nyingi zina pia mistari inayogawa kioo kwa vyumba tisa. Mwalimu anaweza kuchora vyumba tisa hivyo kwenye tablo na kuhamisha picha chumba kwa chumba, ikawa kubwa kiasi cha kuonekana na mtoto wa benchi la nyuma. Hii ndiyo njia ya zamani ya wachoraji wa vibao vya saluni na maduka, ambao katika jambo hili wameitangulia shule kwa mbali. Darasa la watoto themanini na kioo kimoja kidogo cha simu linawezekana kwa njia hiyo.

Kazi ya pili ni ya kutengeneza. Bodys Isek Kingelez, aliyefariki mwaka 2015, alijenga miji mizima kwa karatasi na katoni huko Kinshasa. Mwaka 2018, jumba la MoMA la New York lilipoonyesha kazi zake, wageni walivalishwa miwani ya kompyuta iliyowaingiza ndani ya Ville Fantôme, mji alioutengeneza mwaka 1996, wakautembelea kana kwamba wao ni watu wa ukubwa wa kidole. Miwani ile haitafika Uvira kesho. Lakini mtoto wa Uvira akijenga mtaa kwa makatoni ya dawa na vifuniko vya chupa, kisha simu ikalazwa chini, kamera ikitazama barabara ya katoni kwa usawa wa ardhi na kusukumwa polepole huku ikichukua video, anapata jambo lile lile karibu bure. Anagundua pia makosa ya mji wake: nyumba zimesongana, barabara haina pa kupita chukudu, mlango ni mkubwa kuliko gari.

Kuna pia filamu zinazotengenezwa kwa picha moja moja. Jean-Michel Kibushi, mwanzilishi wa studio Malembe Maa, amefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990, akichukua hadithi za kikwetu na kuzipa mwendo. Kinachotakiwa shuleni ni udongo wa mfinyanzi, simu iliyofungwa imara isitikisike, na subira. Kwa picha 12 kila sekunde, sekunde kumi za chura anayeruka zinaomba picha 120. Darasa lililogawanywa kwa vikundi linaweza kuzipiga kwa majuma mawili. Watoto watajifunza hapo kuhesabu, kupanga hadithi na kungojeana, mambo ambayo direkta anayeogopa simu shuleni hatayakataa.

Kazi ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo inayorudisha mawazo kwenye ile orodha ya Tervuren. Wachongaji wakubwa wa nchi hii hawajulikani na watoto wake. Katika Metropolitan Museum ya New York kuna kiti kinachobebwa na sanamu ya mwanamke, kazi ya karne ya 19 kutoka upande wa Wahemba, na mchongaji wake anadhaniwa kuwa Ngongo ya Chintu. Tangu mwezi wa pili 2017 jumba hilo limeruhusu mtu yeyote duniani kuchukua na kutumia bure picha za kazi zake zisizofungwa na haki za mtungaji. Maana yake, mwalimu wa Kongolo anaweza kuonyesha mikono mirefu ya sanamu ile, uso wake wenye huzuni, mgongo wake uliopambwa, bila kumlipa mtu. Anahitaji tu mega za dakika chache na mtu wa kumwambia kwamba picha ipo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alichora historia ya nchi hii kwa picha karibu mia moja katika miaka ya 1973 na 1974, Lumumba akiwa ndani yake, kwa ajili ya mwanachuoni Johannes Fabian. Walikaa wakizungumza kuhusu picha hizo kwa Kiswahili cha Katanga, na mazungumzo yale yamewekwa kwenye intaneti, Kiswahili chake kwa upande mmoja na Kiingereza kwa upande mwingine. Picha zenyewe ziko Amsterdam. Ni wapi tena mtoto wa Kalemie ao Bukavu atamsikia mchoraji akieleza kazi yake kwa lugha ambayo mama yake anauzia nayo sokoni? Hata hivyo hazina hii inajulikana zaidi na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya kuliko na walimu wa hapa.

Lakini picha ya simu ina mpaka wake, na ni vizuri kuusema wazi. Uchukuliwe mfano wa Walega. Kinyago kidogo cha mbao kiitwacho lukwakongo, chenye uso wa umbo la moyo uliopakwa udongo mweupe na ndevu za nyuzi, kinaonekana katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani kikiwa kimetundikwa ukutani peke yake. Katika bwami, ule ushirika wa wanaume na wanawake wenye ngazi zake ambao wakoloni waliupiga marufuku mwaka 1948, kinyago kile hakikuwa cha kuvaliwa usoni tu. Kilishikwa mkononi, kilifungwa kwenye mkono, kilitundikwa kwenye uzio, na kila mara kilikwenda na methali na mchezo. Bila methali, kinyago ni nusu. Mwalimu anayeonyesha picha na kusema "chora" amefundisha umbo na kuacha maana.

Kwa hiyo simu itoke shuleni pia. Iende kwa mzee wa kijiji ao wa mtaa, aombwe ruhusa, aonyeshwe picha, sauti yake irekodiwe akieleza kile anachoweza kueleza. Si kila kitu kitasemwa, kwani mambo mengine yalikuwa ya walioingizwa tu, na mzee akinyamaza anyamaziwe. Sauti ile ikisikilizwa darasani kabla ya krayo kugusa karatasi, mchoro unabadilika. Kwa shule za Bukavu kuna hata nafasi ya zaidi, kwani Makumbusho ya Kivu ya mapadri Wasaveri yanahifadhi vitu vya Walega pale pale mjini. Simu haipaswi kuwa kisingizio cha kutowapeleka watoto kwa miguu.

Hatari nyingine imeshafika. Programu za akili bandia zinatoa "kinyago cha Kiafrika" kwa sekunde chache, na kinachotoka ni mchanganyiko: paji la uso la Gabon, mashavu ya Cote d'Ivoire, mapambo yasiyo ya mtu yeyote. Mtoto anakiiga, anapewa alama nzuri, na tangu hapo hicho ndicho kinyago cha babu zake. Kupiga marufuku hakutasaidia sana. Mwalimu aweke picha mbili pembeni, ya programu na ya kinyago halisi cha Walega, aulize: ipi ina alama za kisu? Ipi imechakaa mahali iliposhikwa? Ipi ina mtu anayeweza kuieleza? Lakini ili kuuliza hivyo, lazima awe na ile picha ya kweli mkononi.

Kuna watakaosema kwamba watoto hawana krayo, wengine wamelala katika kambi za wakimbizi wa ndani, na simu ya somo la kuchora ni anasa. Hoja hii ina uzito, na anayeiambia serikali inunue krayo kwanza hajakosea. Lakini tochi, kamera na kinasa sauti tayari viko mfukoni mwa mwalimu, vimenunuliwa kwa jasho lake mwenyewe. Na kuhusu vita, jambo hilo linaelekea upande wa pili. Kila mara mashariki mwa Congo inapotajwa katika mazungumzo ya kurudisha vitu, jibu ni lile lile: hakuna usalama, vitaporwa. Shule hapa zimeporwa mara nyingi, ni kweli. Lakini picha na sauti zilizogawanywa ndani ya simu mia tano za walimu ni vigumu kuzipora kwa usiku mmoja, na mwalimu anayekimbia anakimbia nazo.

Basi kinachoombwa si kikubwa. Picha mia mbili zilizopunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja ni megabaiti 40, kiasi ambacho kadi ndogo kabisa ya simu inabeba, na ambacho mwalimu mmoja anaweza kumpitishia mwenzake bila kununua mega hata moja. Kila picha iwe na maneno machache kwa Kiswahili: kitu ni nini, kilitoka wapi, kiko wapi leo. Kazi ya kuzichagua inaweza kufanywa na walimu wa ISP pamoja na vituo ambavyo vijana wameshajifunza humo kamera na filamu, kama Yole!Africa ya Goma ao Picha ya Lubumbashi. Wizara, kwa upande wake, iweke sharti katika kila mazungumzo na Ubelgiji: picha safi za vitu vile 84,000 zitolewe kwa shule za Congo bila malipo na bila barua ya kuomba ruhusa. Sharti hilo halingojei ndege wala jengo jipya.

Mwaka wa masomo unaanza mwezi wa tisa, na wakaguzi wanakutana na walimu kila mwaka kuwaeleza yaliyo mapya katika programu. Kadi zigawanywe hapo. Na kama hazitoshi kwa wote, zianzie Shabunda na Mwenga, ambako vinyago vingi vya Walega vilitoka na ambako njia ni mbaya kiasi kwamba vifaa vya shule hufika mwisho.