Dereva wa Bendi Katolewa Kafara, Kumbe Ugonjwa Uko Kwenye Distribyuta!

Kuna kiongozi mmoja wa bendi ya dansi jijini Dar, jina kapuni, amemfukuza kazi dereva wake wa miaka tisa. Kosa lake? Eti anachakachua mafuta. Ushahidi? Kipanya cha bendi kinazima njiani. Basi, hakuna kingine.

Wadau wa muziki wamechukulia hili kama umbea wa kawaida wa mjini. Siyo umbea. Mzee wa watu yuko nyumbani hana kazi, na gari lililomponza limeshapona kwa kifaa ambacho yeye hajawahi hata kukigusa.

Kipanya chenyewe ni cha miaka ya 90, injini ya petroli ya nozeli, bado ina distribyuta. Asubuhi kinawaka mara moja, hakina neno. Kinaondoka Mwananyamala mpaka Kibaha safi kabisa. Kikishashika joto, kinakata ghafla kama mtu kageuza funguo. Kikipumzishwa nusu saa kivulini kinawaka, kinakwenda tena, halafu mbele ya safari mchezo ni uleule.

Dereva alimwambia bosi wake tangu siku ya kwanza: "Bosi, hili gari halichemshi, mshale wa joto uko sawa. Linazima likipata joto, likipoa linawaka lenyewe." Sentensi mbili tu, lakini nusu ya kazi ya fundi ilikuwa imeshafanyika humo. Nani alimsikiliza? Dereva ni dereva bwana, atajua nini!

Likaanza duru la mafundi. Wa kwanza akasema pampu ya mafuta, ikanunuliwa Kariakoo, ikafungwa. Gari likawashwa pale gereji, likapigwa resi dakika tano, "tayari bosi." Siku ya pili likazima. Wa pili akasema koili na plagi. Resi dakika tano, tayari bosi, likazima. Wa tatu, huyu ndiye kiboko, akasema kontroo boksi imekufa, ikaletwa ya mtumba. Resi dakika tano, tayari bosi!

Hapo ndipo penye hasira. Ugonjwa unaojitokeza gari likiwa na joto, unaupimaje gari likiwa baridi? Ni sawa na mgonjwa anayepandwa na homa kila jioni, daktari anamwona asubuhi, anamkuta mzima, anamwandikia dawa za kubahatisha. Halafu jioni homa ikirudi, analaumiwa aliyemleta hospitali.

Siku ya siku ikafika. Bendi inakwenda kupiga harusini Morogoro. Kipanya kikakata Mlandizi, kikapumzishwa, kikawaka. Kikakata tena Chalinze. Bendi ilipofika ukumbini maharusi wameshalishana keki, na muziki unapigwa na DJ wa kuokoteza. Advansi ikarudishwa yote, na wenye harusi wakaongeza na matusi juu. Bosi, aibu imemjaa, akatafuta wa kumtupia. Hakumtupia fundi wa pampu wala wa koili wala wa kontroo boksi. Alimtupia aliyeshika usukani: "Mzee, wewe unauza mafuta yangu halafu unachanganya na takataka." Mbele ya wacheza shoo na wapiga vyombo, watoto wa kuwazaa!

Tuhuma yenyewe haisimami. Petroli iliyochakachuliwa haingoji gari lifike Mlandizi ndipo ianze vurugu, wala haiponi kwa kukaa kivulini. Ingesumbua asubuhi, ingesumbua kwenye mlima, injini ingemisi na kukosa nguvu. Gari linalokwenda vizuri, likakata ghafla, likapoa na kuwaka kama halijatokewa na jambo, linaelekeza kwingine kabisa.

Linaelekeza wapi? Injini ya petroli ikizima hivyo, kwa kawaida imekosa kimoja kati ya viwili: cheche au mafuta. Kujua ni kipi hakuhitaji uganga, kunahitaji kuwepo pale gari linapokufa, kabla halijapoa. Chomoa waya wa plagi, weka plagi ya kupimia, igusishe chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ipo au haipo? Kama ipo, geukia mafuta: presha ikoje, pampu inalia au iko kimya, filta imeziba, na mfuniko wa tangi ukilegezwa hewa inavutwa kwa nguvu kwa sababu tundu la kupumulia limeziba? Hizo ni dakika kumi za kazi. Zinakuonyesha upande wa kutafuta, na upande wa pili unauacha kabla hujatoa hata shilingi ya spea.

Mafundi watatu, hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo. Aliyefanya ni wa nne, fundi mtu mzima wa uchochoroni asiye na kibao wala ofisi, ambaye kiongozi wa bendi alipelekwa kwake na mpiga gitaa wake. Yule mzee hakufungua boneti kwanza. Aliuliza: "Linazima baada ya muda gani? Likizima, linawaka baada ya muda gani?" Halafu akapanda kwenye gari, akasema waendeshe mpaka lizime. Likazima. Akapima, hakuna cheche. Akachukua mita yake ya umeme, akapima ile koili ndogo iliyo ndani ya distribyuta, inayoipa kontroo boksi ishara kwamba injini inazunguka. Ikiwa ya moto, waya umekatika. Wakapiga soga mpaka ikapoa, akapima tena, waya umeungana.

Kwisha habari. Waya mwembamba uliochoka kwa umri, unaachana ukitanuka kwa joto, unakutana ukipoa. Na kwenye injini nyingi za nozeli, kontroo boksi isipopata ishara hiyo hukata na pampu ya mafuta. Ndiyo maana aliyeingia kwa pupa alidhani pampu ndiyo imekufa.

Sasa mafundi wasije juu, wana hoja yao na ina ukweli. Mteja wa mjini hataki kulipia muda wa kutafuta ugonjwa. Mwambie "nalipwa nusu siku ya kupima" atasema unamwibia. Mwambie "nunua pampu" anatoa pesa, kwa sababu pampu anaishika mkononi. Kwa hiyo fundi naye anauza kinachonunulika. Sawa, lakini anayejua kwamba anabahatisha aseme anabahatisha. Kumwambia mtu "ni hii" wakati hujapima chochote siyo ufundi, ni kubeti kwa pesa ya mwenzako.

Na mabosi nao wajitazame. Huyu huyu anayelalamikia mafuta kuibwa ndiye alikuwa anatoa ya elfu kumi kumi, kipanya kinatembea na taa ya mafuta imewaka wiki nzima. Pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na petroli yenyewe. Ukiizoesha kufanya kazi kwenye tangi tupu unaipika taratibu. Safari hii pampu haikuwa na kosa, lakini kwa mtindo huo zamu yake inakuja, na pengine atafukuzwa dereva mwingine.

Kinachouma zaidi ni hiki. Gari limepona. Bendi inazunguka kama kawaida, wikiendi mbili zimepita bila kuzima. Pampu mpya, koili mpya, plagi mpya na kontroo boksi ya mtumba vyote vimo ndani ya gari ambalo halikuvihitaji, na vyote viligharimu zaidi ya mishahara kadhaa ya mzee yule. Bosi anajua ukweli, maana ile mita alionyeshwa kwa macho yake. Mpaka leo hajapiga simu.

Kusema "samahani mzee, nilikosea" hakuvunji hadhi ya staa. Kinachovunja hadhi ni kumwita mtu mwizi mbele za watu, ukagundua siyo mwizi, ukanyamaza kwa sababu yeye hana jina mjini. Alimwita mwizi hadharani, basi na kumsafisha iwe hadharani, mbele ya walewale wapiga vyombo. Na mshahara wa siku alizokaa bure nyumbani autoe.

Wadau, mzee arudishwe kazini au hapana? Na wewe, gari lako likizima, huwa unamsikiliza anayeliendesha au unakimbilia kununua spea?