Msimvue Juma Bhalo Uswahili Wake

Pakizungumzwa taarab ya Mwambao, hukumu huwa ileile. Ya Unguja ni sanaa. Ya udi, yenye mahadhi ya Kiarabu, nayo ni sanaa. Lakini ile ya Mombasa, yenye maneno ya Kiswahili na mahadhi ya sinema za Kihindi, eti ni uigaji mtupu. Wengine huiita wizi. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab hiyo ya Mombasa, aliacha kuimba mwaka 2007 akafariki 2014, na hadi leo anasifiwa nusu mdomo: sauti alijaliwa, lakini nyimbo hazikuwa zake. Hukumu hii naisikia kwa wasomi, kwa watangazaji na hata kwa wapenzi wa taarab, nami naikataa yote.

Hiyo taarab safi inayoliliwa imetoka wapi? Sultani Barghash wa Zanzibar alimpeleka mtu Misri akajifunze muziki, na jambo hilo tunalisimulia kwa fahari kama mwanzo mtukufu. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ilianza kwa kuimba Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa shamba, akaiimba taarab kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi, na santuri hizo ndizo zilizolifikisha jina lake mbali na Unguja. Basi tangu enzi za Siti, taarab yetu imepitia mikononi mwa mafundi wa India.

Kwa nini basi kukopa Cairo kuwe ustaarabu na kukopa Bombay kuwe aibu? Sababu haisemwi barazani, lakini naiona wazi. Mwarabu tulimhesabu bwana. Mhindi tulimhesabu mwenye duka. Anayefuata mahadhi ya Umm Kulthum wa Misri anaitwa msanii aliyekomaa. Anayefuata mahadhi ya Lata Mangeshkar wa India anaitwa mwizi. Hiyo ni chuki ya kitabaka, na wanaoitumia kama kipimo cha muziki wanajidanganya.

Tena wanaosema Bhalo aliiga hawajawahi kujiuliza kazi yenyewe inafanywaje. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kwa nane. Wimbo wa sinema haujui hesabu hiyo. Kipande kimoja kirefu, kinachofuata kifupi, halafu sauti inapanda ghafla pale ambapo mshairi hakutarajia kitu. Mtunzi anayetaka kuutia Kiswahili lazima aivunje mizani aliyoizoea na kuipanga upya bila kupoteza vina, na kina kiangukie pale mwimbaji anapokata pumzi. Kuna silabi zetu, kama ile "m" ya mwanzo katika "mtu", zinazotamkwa midomo imefumbwa. Ukiiweka silabi hiyo juu ya noti ndefu, mwimbaji anakwama. Inabidi kutafuta neno jingine lenye irabu iliyo wazi, na neno hilo libebe fumbo lilelile. Anayeona kazi hii ni nyepesi na achukue wimbo mmoja wa filamu ya Mother India, ajaribu ubeti mmoja tu.

Baadhi ya tungo alizoimba Bhalo ziliandikwa na Ahmad Nassir, mshairi yule wa Malenga wa Mvita na Utenzi wa Mtu ni Utu. Hakuna mhakiki anayethubutu kumwita mwigaji. Vipi basi ushairi wake uheshimike ukiwa kitabuni, lakini udharaulike ukiimbwa kwa tabla? Mwanamke anayeinuka katikati ya harusi kwenda kumtuza mwimbaji haendi kuilipa Bombay. Anainuka kwa sababu ubeti umemsemea jambo asiloweza kumtamkia jirani yake.

Na hao Wahindi wenyewe wanaodaiwa kuibiwa? Mwaka 1961, katika filamu ya Chhaya, mtunzi Salil Chowdhury alichukua mahadhi ya Simfonia ya 40 ya Mozart akayafanya wimbo wa mapenzi wa Kihindi. Wimbo huo unapendwa India, wala hakuna anayedai umemgeuza Chowdhury kuwa Mwaustria. Harmoniamu, kinanda chenye mvukuto ambacho leo ni kiungo cha nyimbo za dini na ghazali, ni mgeni kutoka Ulaya. All India Radio iliipiga marufuku mwaka 1940 kwa madai kwamba haiwezi sauti za Kihindi, ikaanza kulegeza amri hiyo 1971. Kwa miaka yote ya marufuku watu waliendelea kuipiga majumbani na mahekaluni. Walinzi wa usafi walishindwa kule, na walistahili kushindwa.

Nakubali dai moja. Watunzi wa mahadhi hawakutajwa, na mara nyingi hawakulipwa. Hiyo ni dhuluma, na mapenzi yangu kwa Bhalo hayaifuti. Lakini deni hulipwa kwa kumtaja mwenye haki. Halilipwi kwa kuukana wimbo.

Siku hizi tunaambiwa njia njema ya kushirikiana ni usiku wa utamaduni: Wahindi wacheze bharatanatyam, sisi tucheze chakacha, kila mmoja ashuke jukwaani na chake. Sipingi tafrija. Napinga kuiita hiyo kushirikiana huku kazi halisi ya kushirikiana, iliyofanywa Mombasa kwa miongo kadhaa na watu waliokaa kwenye sinema wakakariri mahadhi noti kwa noti, ikipuuzwa.

Kanda za kaseti za nyimbo hizo zinaoza makabatini. Kituo cha redio au maktaba yoyote inayojidai kutunza muziki wa Mwambao izihamishie kwenye kompyuta sasa, wakati wapigaji wakongwe wangali hai kueleza kila wimbo ulitoka filamu gani. Na kila wimbo uandikwe majina matatu: aliyetunga mahadhi kule India, aliyetunga shairi hapa, na aliyeimba.