Mwalimu Uliyeko Rwanda, Ujirani Usikulevye

Walimu wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekuwa wakienda kufundisha Rwanda kwa miaka mingi sasa. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mwaka uliofuata ikakifanya Kiingereza lugha ya kufundishia, na mwaka 2017 ikakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hii ni heri kwetu sote. Lakini heri hiyo imezaa uzembe ambao sina budi kuukemea: mwalimu kudhani kwamba nchi ikiwa jirani, basi si ugenini. Anayekwenda kufundisha Uarabuni huuliza kila jambo miezi kadhaa kabla ya safari. Anayekwenda Kigali hufunga begi usiku, alfajiri akapanda basi.

Ndugu mwalimu, anza na hati zako. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya na Uganda anaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania ajiandae na pasipoti. Hata hivyo, kitambulisho kinakuvusha mpaka tu, hakikupi ruhusa ya kushika chaki. Kibali cha kazi kinahitajika, hata kwa mwana Jumuiya. Wapo wanaokiahirisha muhula hadi muhula kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Siku ya msiba nyumbani ndipo wanapoona gharama yake: mtu anashindwa kwenda kumzika mzazi wake kwa kuogopa maswali ya Uhamiaji atakaporudi. Usijifunge mwenyewe namna hiyo. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano ni moja tu, na cheti chake sasa hudumu maisha yote.

Safari ya basi kutoka Nairobi hadi Kigali kupitia Kampala hula mchana na usiku, na ndani yake mna mipaka miwili. Penye mpaka abiria wote hushuka, wakapanga foleni dirishani, kisha wakalitafuta basi katikati ya malori na wabadilisha fedha. Kabla ya kushuka, soma namba za basi lako na umfahamu konda kwa sura. Hati, simu na pesa viwe mwilini mwako, visiwe kwenye begi lililo butini. Kataa kubadilisha fedha kwa haraka mkononi mwa mtu anayekukimbilia. Na hata nguo zako usizifunge kwenye mifuko ya plastiki, kwa maana Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008 na mizigo hukaguliwa. Kisha rudisha saa yako nyuma kwa saa moja: saa tatu ya Nairobi na Dar es Salaam ni saa mbili ya Kigali. Aliyesahau hilo siku ya kurudi nyumbani atafika mpakani akiwa na hesabu mbovu ya muda.

Sasa nakuomba utulie hapa, maana hili linahusu uhai. Kwetu magari hupita kushoto. Rwanda hupita kulia. Mtu aliyekulia Mwanza au Kisumu, akitaka kuvuka barabara, shingo yake hugeukia kulia kwanza bila hata kufikiri. Akifanya hivyo Kigali, gari lililo karibu naye linamjia kutoka kushoto, upande asioutazama. Kwa wiki za kwanza jilazimishe kusimama, utazame kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Kama unaendesha gari, hatari kubwa haiko penye msururu wa magari, kwa kuwa hapo utawafuata wenzako. Iko alfajiri barabara ikiwa tupu, unapokata kona na mkono ukarudia mazoea ya nyumbani.

Pikipiki nazo zina adabu yake. Dereva hubeba helmeti ya abiria, na kuivaa ni sheria. Abiria ni mmoja. Mshikaki tuliouzoea kwetu, wa abiria kadhaa kwenye pikipiki moja, haupo. Mabasi ya abiria yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo mwenye kipindi cha asubuhi mkoani asisubiri hadi dakika ya mwisho kuondoka stendi ya Nyabugogo, Kigali, akitumaini dereva atakimbiza.

Ijue pia kalenda ya wenyeji wako. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, ni Umuganda, kazi ya pamoja ya taifa, na usafiri husimama. Usipange safari asubuhi hiyo. Shika jembe ujumuike na majirani zako. Wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Safiri kwa staha, bila muziki wala makelele.

Tena weka akiba ya nauli usiyoigusa, na uijue njia ya pili. Mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Kati ya ndugu waliopatana jana, njia yaweza kuzibwa leo.

Kuna atakayeniambia, "Mimi ni mwana Afrika Mashariki, kwa nini niishi Rwanda kama mgeni?" Namjibu kwamba undugu hauondoi sheria za mwenye nyumba. Tunapovunja sheria za barabara ya jirani, tunawapa hoja wale wasioitaka Jumuiya hii. Tena mwalimu hatoki darasani kengele ikilia. Mtoto anayemwona ameketi juu ya pikipiki bila helmeti amekwisha kufundishwa, na somo hilo halifutiki ubaoni.

Nanyi wakuu wa shule mnaoajiri walimu wageni, msiwaachie mzigo huu peke yao. Anzeni kuwashughulikia vibali mara tu mkataba unapotiwa saini, na muwape siku moja ya kuelekezwa njia na sheria kabla ya kuwakabidhi ratiba ya vipindi. Wewe mwalimu nawe, usingoje likizo ya Desemba, mabasi yakiwa yamejaa na kila mtu ana haraka. Kagua tarehe za hati zako wiki hii. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Atakayeanza leo atafika salama, kwenda na kurudi.