Ng'ombe wa Baba na Hesabu ya Mwana

Mmoja wa wasomaji wetu wa Ikungi, mkoani Singida, ametuandikia barua ya kurasa nne, na kwa kuwa jambo aliloliuliza halimhusu yeye peke yake, twaona ni vyema tulijibu hapa mbele ya wote. Mwanawe wa kwanza amemaliza masomo ya uendeshaji wa biashara katika chuo kikuu, naye amerudi nyumbani na shauri. Ataka ng'ombe wa nyumba, ambao ni 22, wauzwe 18; fedha zitakazopatikana zichanganywe na mkopo, inunuliwe mashine ya kukamua alizeti, na mashamba yote yapandwe alizeti. Baba hataki. Mwana amesema maneno mazito, kwamba ng'ombe ni mali ya fahari isiyozaa, na kwamba hivyo ndivyo vitabu visemavyo. Tangu mwezi wa Rajabu hawali sahani moja. Baba atuuliza: je, elimu hiyo ya uongozi na mikakati ni elimu ya kweli, au ni maneno ya kuwatoa watoto katika adabu ya wazee wao?

Sisi hatukufika chuo kikuu. Tulisoma Msahafu, kisha tukamaliza darasa la saba, na tangu hapo kazi yetu imekuwa kufundisha watoto. Lakini vijana tuliowafundisha alifu na bee leo wamo Mzumbe, wamo Dar es Salaam, wamo katika Taasisi ya Uhasibu yenye tawi lake mjini Singida, nao wakija likizo hutusomea na kutufasiria yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Katika hayo tumekuta jambo ambalo, tunavyodhani, kijana huyu wa Ikungi hakufundishwa: kwamba neno hilo la ng'ombe kuwa mali isiyozaa lilikwisha kupingwa na wataalamu zamani, na hoja ya kulipinga ilitoka Singida hii hii.

Asili ya habari ni hivi. Mwaka 1926 mtaalamu wa Kimarekani, Melville Herskovits, alitoa maandishi marefu juu ya watu wa Afrika ya Mashariki na ng'ombe wao. Aliyakusanya kutoka katika vitabu na taarifa za watu wengine, hali mwenyewe hajafika huku. Alieleza jinsi ng'ombe walivyoingia katika ndoa, mazishi, heshima na sifa za mtu. Watawala walioyasoma maandishi ya namna hiyo walichukua lile walilolitaka: kwamba mfugaji wa Kiafrika apenda ng'ombe kama mtoto apendavyo mchezo, hajui faida wala hasara, na kwa hiyo hapana haja ya kumuuliza kitu kabla ya kumpunguzia mifugo.

Sasa tazama. Mwanafunzi wa Herskovits huyo huyo, jina lake Harold Schneider, hakutosheka na kusoma. Alikwenda kwanza kwa Wapokoti wa Kenya, kisha mwaka 1959 na 1960 akakaa na Wanyaturu wa Wahi, katika Singida. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1970. Alikaa, akatazama, akahesabu: shamba hili limetoa nafaka kiasi gani, nafaka hiyo imekwenda wapi, mbuzi huyu amebadilishwa kwa nini, mke huyu amepewa mashamba na mifugo gani. Aliyoyakuta si mapenzi ya kipofu. Aliwakuta watu wanaohesabu mchana na usiku, illa daftari lao lilikuwa kichwani.

Mzunguko wenyewe kila mzee wa Singida aujua, ingawa pengine hakupata kuusikia ukisemwa kwa mpango. Ardhi yetu ni chovu, na mvua ni ya msimu mmoja tu, huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, nayo haina ahadi. Uwele na mtama havitoki vizuri pasipo samadi, na samadi haipatikani pasipo zizi. Basi ng'ombe hulisha shamba kabla ya kumlisha mtu. Mwaka wa neema nafaka huzidi, na nafaka iliyozidi haikai milele, huliwa na wadudu. Kwa hiyo mwenye akili huigeuza kuwa mbuzi, na mbuzi kuwa ng'ombe, mali inayokwenda kwa miguu yake na kuzaa. Mwaka wa njaa mlango hufunguliwa upande wa pili, ng'ombe akawa nafaka. Schneider akasema wazi kwamba mifugo kwa watu hawa ilikuwa na kazi ya fedha na ya akiba, na kwamba elimu ya uchumi inayotumika kueleza mambo ya wafanyabiashara wa Chicago yaweza kumweleza Mnyaturu vilevile. Wataalamu wenzake wengi walimkatalia, wakasema uchumi wa vijijini una mwendo wake mwingine kabisa, na ubishi huo uliendelea miaka mingi. Sisi hatutaingia katika ubishi wao. Latutosha kujua kwamba mtu alikuja kutoka mbali, akaketi, akauliza, kisha ndipo akasema.

Wasioketi wakauliza mambo yao yalikwendaje? Kenya, mwaka 1938, serikali ya wakati ule iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi mno, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa mnada. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitoka kwa miguu mpaka Nairobi wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini amri ya kuchukua ng'ombe kwa nguvu ikabidi iachwe.

Mfano mkubwa zaidi u karibu nasi, wala hauhitaji kuvuka mpaka. Ni Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, jirani zetu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alitoa wazo kwamba Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine. Wakatumwa watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo katika nchi hii, wakazunguka kwa majuma machache, sehemu ya safari yao wakiwa katika ndege, wakarudi na mpango wa eka zaidi ya milioni tatu katika muda wa miaka sita. Ulikuwa mpango wa kupendeza. Kila kitu kilikuwa na tarakimu yake: trekta ngapi, watu wangapi, pauni ngapi, tani ngapi za karanga.

Kilichokosekana katika tarakimu hizo ni Kongwa yenyewe. Maji hayakuwako ya kutosha. Mvua ilikuwa ile ile tuijuayo, leo iko kesho haiko. Udongo ulipokauka uliganda kama sakafu, karanga zikawa zimefungiwa chini, mashine ya kuzichimbua ikavunjika meno. Mibuyu haikung'oka kwa urahisi. Trekta nyingi zilikuwa kuukuu, masalio ya vita, na vifaru vya vita pia viligeuzwa kuwa trekta. Katika mwaka wa kwanza walikusudia kupanda eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Na wakuu wa kazi walipoyaona haya hawakusimama wafikiri upya, kwa sababu mpango ulikuwa umekwisha kutangazwa mbele ya Bunge la Uingereza na heshima za watu zilikuwa zimewekwa juu yake. Wakaendelea. Mwaka 1948 kazi ikakabidhiwa shirika la serikali, na shirika nalo likaendelea. Mwezi wa Januari 1951 ndipo ilipotangazwa kuwa mpango umeachwa, na pauni kama milioni 36 za watu wa Uingereza zimepotea.

Msomaji akipita Kongwa leo ataona nini katika sehemu ya ardhi ile? Ranchi ya ng'ombe. Mgogo yeyote mwenye mifugo angaliwaambia jambo hilo mwaka 1946, tena bure.

Kongwa imekuwa somo katika vyuo vinavyofundisha uendeshaji, na hapa twapenda kumtetea kijana wa Ikungi, maana elimu aliyoisoma si adui wa baba yake. Kijana ameshika ukurasa mmoja tu wa kitabu kikubwa. Katika kitabu hicho hicho yumo Henry Mintzberg wa Montreal, nchi ya Kanada. Mtu huyu aliwafuata wakuu watano wa kazi, kila mmoja juma zima, akiandika kila walilofanya, na mwaka 1973 akachapisha matokeo. Watu walidhani mkuu wa kazi huketi kimya akapanga mambo ya mbele. Yeye aliwakuta wakikatizwa kila dakika chache, wakitegemea zaidi maneno ya mdomo kuliko karatasi. (Mwalimu wa chuo chenye watoto 60 hahitaji kuambiwa hayo.) Baadaye Mintzberg alifundisha kwamba mkakati ni wa namna mbili: kuna ule uliokusudiwa na kuandikwa kabla, na kuna ule unaojitokeza kidogo kidogo katika kutenda, mpaka siku moja watu wageuke nyuma waone kumbe walikuwa wakifuata njia. Zizi la baba wa Ikungi ni mkakati wa namna ya pili. Haukuandikwa popote, lakini umepita katika ukame mwingi.

Pamoja na hayo, baba asishangilie upesi. Mambo aliyoyaona Schneider ni ya miaka zaidi ya 60 iliyopita. Watu wameongezeka, malisho yamebanwa, na ng'ombe 22 katika malisho ya ng'ombe 10 si akiba. Tena alizeti si ndoto ya mtoto. Ni zao lililozoea ardhi yetu, na mafuta ya alizeti ya Singida yajulikana nchi nzima. Na barua ya baba, pamoja na urefu wake, haina hesabu hata moja. Yasema "tangu enzi za babu" mara tatu. Babu alihesabu, yatupasa nasi tuhesabu.

Basi shauri letu ni kwamba mwana aulizwe maswali, na aulizwe kwa upole, kama mtu aulizwavyo juu ya fani yake. Mashine itafanya kazi miezi mingapi katika mwaka? Maana alizeti huvunwa mara moja, na mashine nyingi za kukamua hukaa kimya mbegu zikiisha, lakini deni halikai kimya. Atanunua mbegu za watu wengine kwa fedha gani, wakati wa mavuno wanunuzi wakubwa wakiwa sokoni? Mwaka mvua ikikosekana, shamba halina alizeti na zizi halina ng'ombe, nyumba itauza nini? Na mashudu yatakwenda wapi? Hapa ndipo tunapostaajabu kidogo, kwa kuwa mashudu ya alizeti ni chakula kizuri cha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe ndiyo chakula cha shamba la alizeti. Mwenye mashine na zizi pamoja amefunga mzunguko. Aliyeuza zizi ili anunue mashine huwanenepesha ng'ombe wa jirani. Kuuza wanane badala ya 18, kuanza na mashine ndogo au kwa kushirikiana na nyumba mbili tatu, kupanda nusu ya shamba na kuacha nusu ya nafaka: hayo yajaribiwe kwanza kwenye karatasi, kisha msimu mmoja.

Ama mkopo, twajua waulizaji watatuuliza juu ya riba, nasi hatuna haja ya kurefusha. Tangu mwaka 2011 iko Amana Bank, benki inayofuata taratibu za Kiislamu, na katika benki za namna hiyo uko utaratibu wa benki kukinunua kitu yenyewe, kisha kukuuzia kwa bei iliyozidi, faida ikijulikana tangu siku ya kwanza, ukalipa kidogo kidogo. Mwana aende akaulize bei hiyo kabla ya kuuza hata ndama.

Liko jambo moja zaidi, nalo limetushughulisha kuliko yote. Katika kurasa zile nne mama wa nyumba hakutajwa. Schneider alipowahesabia Wahi mali zao, aliikuta kila nyumba ya mke ina mashamba yake na mifugo iliyowekwa upande wake, na nafaka ile iliyogeuzwa kuwa ng'ombe ilitoka kwa sehemu kubwa katika mikono ya wanawake. Barua yasema "ng'ombe wangu", na mwana, tunavyoona, asema "mtaji wetu". Ni nani anayekamua alfajiri? Samadi huchukuliwa shambani na nani? Maziwa ya watoto wadogo yatatoka wapi siku watakapobaki ng'ombe wanne? Tungependa baba atuandikie tena baada ya kumketisha mkewe na mwanawe pamoja, na safari hii tutafurahi tukiona na maneno ya mama katika barua hiyo, pamoja na idadi ya mikokoteni ya samadi iliyotoka zizini mwaka huu.