Simu inasema 0.6, inveta inasema 0.3: nani amemaliza umeme wa sola?

Ni saa 12 asubuhi. Baba anafungua programu ya sola kwenye simu na kuona kwamba tangu siku ianze nyumba imetumia uniti 0.6. Kioo cha inveta ukutani kinaonyesha uniti 0.3. Anamgeukia kijana wa kidato cha pili: "Wewe ulikesha na TV?" Mama ana hofu nyingine. Mdogo wake huyo kijana ana kisukari, na insulini yake iko ndani ya friji inayotegemea betri hiyo hiyo.

Nyumba hii ni ya mfano, lakini jambo hili linaweza kutokea Nyamongo, Sirari, Mugumu na popote Tarime na Serengeti familia inapotegemea umeme wa jua. Mzazi, kabla ya kumlaumu mtoto au fundi, fahamu kwamba namba mbili zinaweza kutofautiana na zote zikawa sahihi.

Sababu ya kwanza ni saa. Vifaa vingi vya sola vinatoka China, na programu isipobadilishwa saa inaweza kufuata ya huko, iliyo mbele yetu kwa saa 5. Kwa programu hiyo, siku mpya huanza saa 1 usiku wa kwetu. Taa na TV mlizowasha baada ya chakula cha jioni huhesabiwa kuwa za kesho. Inveta yenye saa ya hapa huanza kuhesabu saa 6 usiku. Huenda kijana alikuwa amelala.

Sababu ya pili ni mahali pa kupimia. Namba ya paneli huhesabu umeme unaoingia, namba ya inveta huhesabu unaotoka. Katikati, sehemu hupotea kama joto, na inveta yenyewe hula umeme hata vitu vikiwa vimezimwa. Betri ya asidi iliyo nzima hurudisha takriban uniti 8 kwa kila 10 ilizopokea, ya lithiamu zaidi ya 9.

Sababu ya tatu ni mtandao. Ukikatika, programu hukosa sehemu ya siku. Baadhi ya vifaa hutunza kumbukumbu na kuituma mtandao ukirudi, ndiyo maana jumla ya jana inaweza kubadilika leo.

Mzazi afanye nini? Kwanza, fungua mipangilio ya programu, weka saa ya Tanzania. Pili, chagua kifaa kimoja, soma jumla yake tangu kilipofungwa, kila siku saa ile ile, na uandike kwenye daftari. Toa ya jana kwenye ya leo, utapata matumizi halisi. Fanya hivyo kwa siku 7. Pengo lisilobadilika sana si tatizo. Pengo linaloongezeka wiki hadi wiki ni dalili ya betri kuchoka au waya kulegea, hivyo mwite fundi.

Kuhusu dawa ya mtoto, hakuna uniti inayoweza kukuambia kama iko salama. Weka kipimajoto ndani ya friji, kisome asubuhi na jioni. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Isigusane na sehemu ya barafu, na ikiganda itupwe hata kama imeyeyuka na kuonekana nzuri.

Chupa inayotumika haihitaji friji. Aina nyingi hukaa takriban wiki 4 nje ya friji, mahali pa kivuli pasipozidi nyuzi 25 au 30. Soma karatasi ya dawa. Kwa hiyo betri ikiisha usiku mmoja, usiache kumchoma mtoto sindano yake. Peleka maswali kliniki anakotibiwa, pamoja na kumbukumbu za kipimajoto.

Na kijana aliyesingiziwa TV, mkabidhi daftari awe msomaji wa mita.